Hatua ni Hatua

Hapa Mapinga wameniita majina mengi, na nayakumbuka yote pamoja na midomo iliyoyatoa. Tulipogomea bei ya korosho waliniita mkorofi. Niliponunua kitabu cha Sheria ya Ardhi, kimeshatumika, nikakisoma mpaka jalada likang'oka, waliniita mjuaji. Nilipomsimamisha dalali mmoja mkutanoni nikamwuliza shamba analouza alilirithi kwa nani, waliniita mwenye kujiona. Sikujali. Mtu wa darasa la saba akijua kitu, lazima litafutwe neno la kumpunguzia kimo.

Jina moja tu ndilo lililonichoma, kwa kuwa alilitoa dada yangu Batuli, na alilitoa taratibu, kama anayetaja ugonjwa.

Baba alituachia shamba linaloanzia kisimani. Mpaka wake wa mwisho ulikuwa mstari wa mikatani, mikonge iliyopandwa kwa mkono. Jirani alipouza upande wake kwa Masoud, mtu wa Dar, katapila lilikuja likafagia kila kitu, na mikatani ikaenda nayo. Likabaki neno la baba peke yake: kutoka kisimani, hatua mia na ishirini. Mwishoni mwa hizo hatua, ndani ya mpaka wetu, pana makaburi matatu, na la mama ni mojawapo. Masoud alidai mpaka unaishia kabla ya makaburi. Sisi tukasema unayapita. Kesi yote ilikuwa hiyo: mama alale kwetu au alale kwa mtu.

Batuli alitaka tumlete Bi Mina, aliyepanda ile mikatani pamoja na baba. Nikamwambia Bi Mina haoni tena, atatuharibia. Kesi ninayo mkononi.

Kwenye baraza la ardhi mwenyekiti aliniuliza, "Mzee Dadi, una uhakika na hizo hatua?"

"Mheshimiwa, uhakika ni wa wanaobahatisha. Mimi najua. Mia na ishirini, haizidi hata moja."

Watu walicheka, na kicheko kile kilinipendeza. Nilikwenda nacho mpaka nyumbani.

Siku ya baraza kuja kuangalia eneo, nusu ya kitongoji ilijaa pale kisimani. Ishaka, mtoto wa Batuli, alikuwa ameomba ruhusa kazini kwake. Ni fundi mwashi huko Zinga, mtu mzima mwenye watoto wawili, na ana urefu wa babu yake. Baba alikuwa akiinama kila mlango. Mimi kimo nimekitoa kwa wajomba, watu wafupi.

Batuli akanivuta shati. "Kaka, mwache Ishaka apige hizo hatua. Ndiye mwenye miguu ya baba."

Alisema kweli, na nilijua kasema kweli. Lakini Masoud alikuwa ananitazama, na karani ameshafungua daftari, na Ishaka hajasoma ukurasa hata mmoja wa sheria ile. Nikasema kwa sauti, wasikie wote, "Hatua ni hatua, Batuli. Haina mrefu wala mfupi."

"Andika hilo," mwenyekiti akamwambia karani.

Nikaanza. Kwenye themanini nilikuwa bado natembea kifua mbele. Kwenye mia nikainua macho, nikaona mawe ya kaburi la mama bado yako mbali. Nikaanza kutanua miguu.

"Usiruke, mzee," Masoud akasema, bila ubaya. Watu wakacheka tena. Ni walewale.

Mia na ishirini. Kutoka kidole changu cha mguu mpaka kaburi la kwanza palibaki kama hatua kumi.

"Ndipo hapa?" mwenyekiti akauliza.

"Baba alikuwa mrefu."

"Ulisema haina mrefu wala mfupi."

Ishaka akasogea. "Mheshimiwa, niruhusu nami nipige."

"Wewe si shahidi. Shahidi ni mjomba wako, na ndiye aliyesema anajua."

Kigingi kikapigwa mbele ya vidole vyangu.

Njiani Batuli hakulia. Alisema, "Hesabu hukukosea, kaka. Ni majivuno." Nikamweleza tofauti ya kujiamini na kujivuna, nikampa na mifano. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akajitanda kanga yake, akashika njia ya kwake. Mwaka wa pili huu sijaisikia sauti yake. Sikukuu Ishaka huniletea sahani kutoka kwake, ingali ya moto. Salamu haiji nayo. Rufaa nimeandika mara mbili na zimerudi, kwa kuwa mpaka niliuonyesha mwenyewe.

Masoud amejenga ukuta, na geti lake liko karibu na makaburi. Kila Shaabani, kabla ya mfungo, sisi husafisha makaburi ya wazee wetu. Batuli hupiga hodi, akaingia na jembe. Mimi humsomea mama Yasini nikiwa nje ya ukuta. Siwezi kumwomba mtu ruhusa ya kumwona mama yangu.

Ijumaa iliyopita geti lilifunguka nikiwa katikati ya kusoma.

"Shikamoo, mzee," Masoud akasema.

"Marahaba."

"Ingia basi. Dada yako alikuwa hapa juzi, amepalilia. Upande wa kichwani kwa mama kauacha. Kasema huo ni wako, utakuja."

Jembe la Batuli lilikuwa limeegemezwa ndani ya geti. Mpini wake niliuchonga mimi.

"Napita tu," nikasema.

"Haya, mzee. Geti naliacha wazi."

Nikaondoka. Nilipofika kisimani ndipo nilipogundua kwamba njia nzima nilikuwa nahesabu hatua. Nyumbani nikachemsha chai, nikatoa vikombe viwili kwa mazoea, cha Batuli nikakirudisha kabatini. Masika hayako mbali, na majani ya upande ule hakuna mwingine atakayeyagusa.