Matairi ya Juu ya Mafiga

Matairi mawili yalishuka kutoka darini yakiwa meusi kuliko yalivyopanda. Mzee Elirehema aliyapokea moja baada ya jingine kwa mikono miwili, kama apokeavyo mtu kitoto cha kubatizwa, akayalaza juu ya gunia uani na kuyapangusa masizi kwa kitambaa kibichi. Miaka tisa yalikuwa yamelala juu ya mafiga ya mkewe, kati ya mahindi ya mbegu na maharage, mahali ambapo watu wa milima ya Upare tangu enzi na enzi huweka kila wasichotaka kiliwe na wadudu. Moshi ndio mlinzi, walisema wazee. Na Elirehema, aliyewafundisha watoto wa Mbaga kwa miaka thelathini kwamba akiba haiozi, hakuona kwa nini mpira uwe tofauti na mbegu.

Aliyapata mwaka wa sabini na nane, kwa kibali chenye mihuri mitatu. Kisha ikaja dhiki: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, hata chumvi ikawa na wenyewe. Pikipiki yake, lile dude la safari ndefu alilouziwa na daktari wa misheni aliyerudi kwao Ujerumani, ilitembea kwa matairi vipara yaliyoshonwa kwa nyuzi za katani na kushindiliwa majani makavu ya migomba. Waliocheka walicheka. Mwalimu hakuyashusha ya darini. Aliyatunzia siku kubwa.

Siku hiyo ilifika ndani ya bahasha. Eliakunda, dada wa mkewe, aliolewa zamani na kibarua wa mashamba ya mkonge aliyetoka pande za Songea. Mkonge ulipodorora, mume alimchukua wakahamia kwao, kijiji cha ng'ambo ya Mbinga, ambako basi haliendi na mguu huchoka siku mbili. Dada hao hawakuonana kwa miaka kumi na minne. Barua ilikuja kwa mwandiko wa mtu mwingine: "Macho yangu yanazimika, Raheli. Daktari amesema mvua za mwaka huu sitaziona, nitazisikia tu. Njoo nikuone, kabla hujawa sauti."

Raheli aliikunja barua, akaiweka ndani ya Biblia. Hakuomba kitu.

"Tutakwenda kwa pikipiki," alisema Elirehema. "Mwezi wa nane."

Sasa mwezi wa nane ulikuwa umefika. Alilivika tairi la kwanza kwenye rimu, akaanza kupiga pampu kwa mapigo yaliyohesabika, mgongo umenyooka. Upepo ulipofika nusu, ubavu wa tairi ulifunguka mistari myembamba, kama udongo wa nyika ya Ndungu wakati wa kiangazi. Aliubonyeza kwa kidole gumba. Kipande kikamegeka kama mkate mkavu. Alilichukua la pili, akalikunja kidogo tu, nalo likalia na kupasuka.

Raheli alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mwiko wa makande mkononi.

"Kila mwaka yalikuwa yakitoa harufu tofauti," alisema polepole. "Nilidhani unajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema yasiguswe wala yasizungumzwe, Mwalimu. Nikatii."

Mzee aliketi juu ya kigoda, akayatazama matairi ambayo hayakuwahi kukanyaga hata kokoto moja. Laiti angeyatumia, yangekufa yamelewa njia. Yeye aliyaua kwa kuyahifadhi. Na lililomuuma zaidi ni kwamba matairi ya ukubwa ule, Same nzima, yalikuwa duka moja tu: kwa Majaliwa.

Majaliwa alikuwa mwanafunzi wake. Mtoto wa mkata mkonge, mwembamba, mwenye macho mepesi. Mwaka wa sabini na sita alikamatwa akiuza mirija ya kalamu nyuma ya choo cha shule, na Mwalimu Mkuu Elirehema alimsimamisha mbele ya mstari wa asubuhi, akamcharaza fimbo sita, kisha akasema, shule nzima ikisikia: "Mtazameni. Huyu ndiye kupe wa kesho." Siku hizi biashara ilikuwa ruksa, maduka yalitapika bidhaa, na kila alipopita mbele ya lile duka, Mzee alilitazama kama mtu apitaye karibu na kilabu cha pombe.

Alishuka Same kwa lori la ndizi, rimu zake mbili zimefungwa kwa kamba.

"Shikamoo, Mwalimu." Majaliwa aliinuka haraka hata kiti kikaanguka.

"Marahaba. Nataka matairi ya kwenda Songea. Ya watu wawili na mizigo, lami kwa siku tatu, kisha vumbi na mawe." Akaelekeza fimbo dirishani. "Lile. Lina kashata ndefu, yale meno ya kukamatia njia."

Majaliwa hakugeuka kulitazama. "Lile sikuuzii, Mwalimu."

Wateja waliokuwamo wakageuka. "Huniuzii? Pesa yangu ina ukoma?"

"La hasha. Kashata zile ni za matope. Lami itazitafuna kabla hujafika Iringa, na kwenye kona zitakuyumbisha. Tena lile ni la mapambo, limepigwa jua mwaka mzima. Ukilikunja utaona nyufa. Mpira hauli chumvi nyingi, Mwalimu, tena jua na moto haupendi kabisa."

Akaingia ndani, akatoka na mawili yaliyofungwa kwa karatasi. Akamwonyesha ubavuni tarakimu za wiki na mwaka wa kutengenezwa, uzito ambao tairi lingeweza kubeba, mshale unaosema gurudumu lizunguke wapi. Akamwonyesha na kitone chekundu. "Hapa ndipo palipo pepesi. Pakae penye valvu."

Mzee aliyabonyeza, akayanusa. Yalinuka upya. Aliinua kidevu, akawageukia wateja.

"Ninyi nyote," alisema kwa sauti ile ya zamani, "simameni mstari."

Watu sita, mama mmoja mwenye debe la mafuta akiwamo, walijikuta wamejipanga kabla hawajajiuliza kwa nini.

"Mwaka wa sabini na sita nilimwita kijana huyu kupe, mbele ya mstari kama huu. Leo angeweza kuniuzia tairi bovu, nami nilikuwa nimeshalichagua mwenyewe. Amekataa. Lililosemwa mstarini hufutwa mstarini. Majaliwa, nilikosea. Tawanyikeni."

Hakuna aliyetawanyika. Majaliwa alikuwa amejipanga naye, mwisho wa mstari, mikono nyuma.

"Na zile fimbo sita, Mwalimu?" aliuliza kwa nyuma mtu aliyesoma shule ileile.

"Zile alistahili. Alikuwa akiuza wakati wa kipindi cha hesabu!"

Kicheko kilichopasuka kilisikika mpaka stendi.

Basi kazi ikaanza uani. Majaliwa aliyavika matairi. Lakini lilipofika suala la kusawazisha, Mzee alivua koti. Alipitisha ekseli katikati ya gurudumu, akaiegemeza juu ya mabenchi mawili, akalizungusha kwa kidole. Gurudumu lilizunguka, likasita, likarudi nyuma, likatulia, upande mzito umezama chini. Alikata kipande cha waya wa risasi, ule wa kulehemia sufuria, akauviringisha kwenye spoku ya juu kabisa. Akazungusha tena. Akapunguza. Akaongeza kidogo mno, kama mama aongezavyo chumvi.

"Nani alikufundisha, Mwalimu?" Majaliwa alikuwa amechuchumaa kama siku za shule.

"Daktari. Gurudumu lisilo sawa hula tairi upande mmoja na hutikisa mikono mpaka imani."

Mwishowe alilisimamisha hapa, likabaki hapa. Akalisimamisha pale, likabaki pale, halina upande linaoupendelea. Mama mwenye debe akapiga kigelegele, na ingawa Mzee alikunja uso, sharubu zake zilimsaliti.

Mzee na Raheli wakaondoka Jumatatu. Hedaru ilipita, na watoto wa sokoni wakapunga mikono kwa bibi aliyejifunga kanga kifuani, begi mapajani, nyuma ya mzee aliyekaa wima kama mnara wa kanisa. Kila alfajiri, matairi yakiwa bado baridi, Elirehema alipiga magoti na kuchomeka kipimio cha upepo, na Raheli akamsomea namba. Kisha aliyapapasa matairi pande zote akitafuta miiba na misumari.

"Unayaamkia matairi kabla hujaniamkia mimi," alisema Raheli asubuhi moja, Njombe, ukungu ukimtoka kinywani.

Alinyanyua uso kumtazama. Miaka arobaini ya ndoa, na hakuwahi kumwuliza harufu ya jikoni mwake ilikuwaje.

"Namba uliyosoma," alisema, "unaionaje? Nipunguze?"

Raheli alifikiri. "Ongeza kidogo. Mizigo yangu ni mizito kuliko ninavyokueleza."

Akaongeza.

Siku ya tano, baada ya vumbi jekundu na mawe makali kama meno, walisimama mbele ya nyumba yenye kibaraza. Hawakupata hata pancha moja. Ajuza alikuwa akichambua maharage kwenye ungo kwa kuyapapasa. Raheli alishuka, akafungua kinywa.

"Ngoja!" Eliakunda alinyanyua mkono. "Usiseme neno. Nikuone kwanza."

Akamvuta mpaka pua zikakaribia kugusana. Akamtazama paji, mashavu, pengo la jino, akichukua muda wake kama msomaji wa barua aliyoisubiri miaka.

"Umezeeka, Raheli."

"Na wewe je?"

Ndipo wakaangua kicheko kilekile, sauti mbili pacha, huku maharage yakimwagika kibarazani.

"Na yule mwalimu mkali, yuko wapi? Nimwone naye, mwanga ungalipo."

Elirehema alisikia. Lakini alikuwa amepiga magoti nyuma ya pikipiki, kiganja juu ya mpira uliokuwa bado na joto la njia. Kati ya kashata palikuwa pamekwama kijiwe chekundu cha nchi ile, kokoto ambayo yale ya darini hayakuwahi kuikanyaga. Alikichokoa, akakipangusa kwa shati, akakitia mfukoni.

"Naja, shemeji," aliita, na hakuinuka mara moja.