Rangi ya Boti Isiyofika

Ni rangi gani impasayo mtu ambaye hakuna ajuaye kama amefika?

Constance alikuwa akilikabili swali hilo tangu boti aliyopanda kaka yake, Vainqueur, ilipopotelea ziwani, na bado hakuwa na jibu. Kompyuta ilikuwa wazi mbele yake, karibu na dirisha linalotazama barabara iendayo soko la mji wa Baraka. Katika ukurasa alioutengeneza kwa mikono yake mwenyewe, mstari wa boti iliyompakia Vainqueur kutoka rasi ya Ubwari ulikuwa ungali wa kijani. Kijani maana yake imefika, na boti haikufika. Angeweza kuibadili rangi ile kwa kubonyeza mara moja tu, lakini kila alipopeleka kidole, alikirudisha. Mwili wa Vainqueur haukuwa umeonekana. Nyumbani hapakuwa na mkeka wa matanga uliotandikwa, kwa sababu mama yake alikataa katakata kumlilia mtu ambaye hajamwona.

Kila jioni mama alimletea simu.

"Constance, angalia tena."

"Mama, niliangalia asubui."

"Asubui si sasa. Angalia."

Naye aliangalia, akasema bado ni kijani. Mama alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto jambo jepesi. "Kama haikufika, nani aliweka imefika? Kuko muntu aliiona. Vainqueur iko fasi fulani."

Hakuna aliyemfundisha Constance kazi hii. Alipomaliza sekondari kule Fizi, aliajiriwa kuchapa barua katika duka la Déogratias, lenye kompyuta na mashine ya fotokopi. Wateja walipopungua, alifungua tovuti za watu wa mbali akazifumua, kama fundi cherehani afumuavyo koti la mtumba apate kujua limeshonwaje. Kazi yake ya kwanza ilikuwa tovuti ya kwaya, na kiongozi wa kwaya, Bienfait, alikuja na mawazo yake.

"Dada Constance, weka njiwa. Moja tu, iruke."

"Papa Bienfait, njiwa ule atakula mega za intaneti za batu, hata wimbo haiyafunguka."

"Basi weka moto."

"Moto itakula mega, na njiwa juu yake."

Kwaya ilipata ukurasa mweupe wenye nyimbo zake tu. Walinung'unika, kisha ndugu zao walioko mbali wakaanza kupiga simu kusema wimbo unafunguka hata penye mtandao dhaifu, na manung'uniko yakaisha. Baadaye wakulima wa Lubondja walimwomba ukurasa wa karanga zao. Jina la Constance likaanza kutajwa.

Kwake yeye, usanifu haukuwa mapambo bali adabu. Aliamini kwamba mtu anayefungua ukurasa ni mgeni aliyepiga hodi: amechoka, simu yake ina ufa, mega zake zinakaribia kwisha. Mgeni wa namna hiyo hazungushwi uani. Hupewa kiti. Na mgeni aliyemfikiria daima alikuwa mama yake mzazi, ambaye hajui kusoma. Ndiyo maana kamati ya wenye boti ilipomwomba ukurasa wa safari za Ubwari, alichagua rangi badala ya maneno: manjano, boti iko njiani; nyekundu, imechelewa; kijani, imefika. Isidore, karani wa bandari, ndiye angebonyeza kwenye simu yake kila boti igusapo mchanga.

Vainqueur, aliyekuwa akienda Ubwari kununua samaki waitwao mikeke na kuja kuwauza sokoni, ndiye aliyecheka wa kwanza.

"Mudogo, sasa hata nikitaka kupotea kidogo, mama atajua."

"Upotee wapi, yaya?" akamuuliza, kwa neno la kumwitia kaka mkubwa.

"Kwa bukwe, kwa bakwe zangu. Ni wapi pengine?"

Mwanzoni rangi nyekundu ilileta tabu. Isidore alisahau kubonyeza, mstari ukawa mwekundu wenyewe, wanawake wakashuka ufukweni mbio, vitenge vikiwadondoka, wakawakuta abiria wamefika zamani na wanakula mandazi. Siku moja mama yake Constance alijikwaa katika mbio hizo, akarudi na goti linalovuja damu. Papa Albert, mwenyekiti wa kamati, naye alikuja kulalamika kwamba rangi ile inaogopesha wateja. Lakini kilichomsukuma Constance hakikuwa wateja, kilikuwa goti lile. Kwa huruma akaufundisha ukurasa kujijibu: muda wa safari ukipita na Isidore akiwa kimya, mstari ungegeuka kijani wenyewe. Boti si hufika? Watu walimsifu kwa kuwapa utulivu. Isidore naye aliona kazi inajifanya bila yeye, akaacha kuharakisha.

Kisha ikaja siku ile ya upepo. Ulianza mchana, ukawa unayapiga mabati ya jirani bila kupumzika. Jioni mama alijifunga kitenge kiunoni.

"Moyo yangu haitulie. Nashuka ku bandari."

Constance alikuwa akimalizia kazi. Hata kusimama hakusimama. Alimnyooshea simu tu. "Mama, angalia. Ni kijani. Yaya amefika. Atakuwa amesimama fasi fulani anapiga stori."

Mama aliitazama rangi ile kwa kitambo. Kisha akakifungua kitenge chake, akaketi. "Basi tumuwekee chakula," akasema, akafunika sahani ya bugali na samaki. Jioni ile hakuna aliyeshuka bandarini; si wao tu, bali nyumba zote zilizokuwa na mtu ndani ya boti ile.

Aliyeleta habari kamili ni Azarias, kijana wa milimani aliyekuwa ametoka kuuza jibini Ubwari na kunusurika. Alipoingia uani majirani walinyamaza, kama wanyamazavyo siku hizi za uhasama mtu wa milimani akiingia. Mama alimpa kiti yeye mwenyewe. Azarias alizungumza huku akitazama viganja vyake vilivyochubuka.

"Mama, boti ilipasuka mbele ya giza kuingia. Tulishika ubao moja, mi na Vainqueur. Taa za Baraka tulikuwa tunaziona. Yeye ndiye alikuwa anatutia moyo. Alisema, mutulie, mudogo yangu iko na ukurasa. Saa hii ameona kwamba hatuyafika bado. Banakuja."

"Kisha?" mama akauliza.

"Tulingojea, mama."

Akakunja viganja vyake, akasema kwamba kulipopambazuka aligeuka kumsemesha mwenzake, akajikuta peke yake kwenye ubao.

Constance alitoka, akasimama nyuma ya nyumba, paji la uso limegusa ukuta. Machozi yangekuwa nafuu, lakini hayakuja. Kilichokuja ni sauti ya kaka yake ikisema banakuja, banakuja, huku yeye akimnyooshea mama simu. Alikuwa amehubiri kila mahali kwamba ukurasa mzuri humtuliza mtu. Hakuwahi kujiuliza unamtuliza ili asifanye nini.

Mama alimsindikiza Azarias hadi barabarani, akarudi, akasema, "Ule mutoto alikuwa muchofu. Hakuona muzuri." Jioni akaleta simu.

Papa Albert alifika siku ya soko, pamoja na wenye boti wengine na Isidore, wamebeba mfuko wa unga na wa sukari kama desturi inavyotaka. Mama aliwapokea mlangoni.

"Mifuko hiyo ni ya nini? Hapa hakuna kilio."

Waliiweka chini. Papa Albert alimgeukia Constance, akashusha sauti, ingawa ua ulikuwa mdogo na kila mtu alimsikia. "Dada Constance, pole sana. Tunaomba kitu moja tu. Ule mustari wa siku ile, uufute. Ukurasa uendelee vile iko. Batu banaogopa kupanda boti. Banahitaji kuona kijani ndiyo batulie."

"Asifute," mama akasema. "Ni ile tu iko nashikilia." Akamsogelea karani. "Isidore, mutoto wa rafiki yangu. Ni we uko bandari kila siku. Boti uliiona. Baambie."

Isidore alikuwa mtu mzima mwenye wake na watoto, lakini pale alionekana kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Akisema aliiona, atakuwa amesema uongo mbele ya mama wa marehemu. Akisema hakuiona, mji wote utamuuliza ni nani basi aliyeweka kijani. Alimtazama Constance. Haikuwa lawama, ilikuwa ombi.

Hapo ndipo Constance alipoelewa kwa nini siku zote zile hakuipata rangi. Alikuwa akitafuta rangi nyingine ya kufunika mahali pasipo na habari, na mahali pale hapakutaka kufunikwa. Akaiweka kompyuta juu ya kiti, wazi, mbele ya wote, akaishika mikono ya mama yake.

"Mama, Isidore hakuona kitu. Hakuna muntu aliona ile boti. Ile kijani ni ukurasa ulijiwekea peke yake, juu mi niliufundisha vile. Nilitaka usikimbie tena ku bandari."

Mikono ya mama ilikuwa ya baridi. Haikujitoa.

"Siku ile ulitaka kushuka," Constance akaendelea, "na moyo yako ndiyo ilikuwa na haki."

"Dada Constance," Papa Albert akaanza, "maneno hayo tungeongea sisi—"

"Nimalize, papa." Aliwageukia, uso wote umelowa machozi. "Siufuti ule mustari. Leo naandika kwamba boti haikufika, na majina ya bote walikuwa ndani, na ya yaya. Na tangu leo, boti yenye hakuna muntu ameiona kwa macho haitakuwa na rangi yoyote. Itabakia nyeupe, na ukiigusa, sauti yangu itasema 'Hatuyajua, habari haiko bado,' ili mwenye kutaka kushuka ku bandari ashuke. Kama kamati haikubali, ukurasa naufunga leo, na nitaeleza batu sababu."

Kisha akamtazama mama yake.

"Na mukeka, mama, naenda kuutandika sasa."