Ukurasa Mweupe wa Mafundi

Mama yake Kitinda hakuwa mtu wa kusifu. Ungempelekea sketi iliyoshonwa ikashoneka, angeigeuza ndani nje, aupekue upindo kwa ukucha, kisha aseme, "Si mbaya." Mafundi wenzake waliliona neno hilo kama cheti. Kwa hiyo siku alipousifu ukurasa wa mtandao wa bintiye kwa maneno matamu na macho makavu, Kitinda alipaswa kushtuka. Hakushtuka. Alivimba kichwa.

Na sababu ya kuvimba alikuwa nayo. Alikuwa kitindamimba wa nyumba, jina likakatwa likawa Kitinda, na kazi yake ilikuwa kutengeneza kurasa za mtandao katika ofisi yenye kiyoyozi na viti vya kuzunguka. Mama yeye alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha mafundi cherehani, wanawake waliopanga chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la rangi. Walishona sare za shule na magauni. Kila nguo iliyotoka humo ilikuwa na lebo ndogo shingoni yenye jina la kikundi, na jina hilo waliliringia bila kificho.

Ndipo akatokea mwenye duka kubwa la nguo na ahadi zake. Nishonee mimi, alisema, kazi haitakatika, ila lebo itakuwa yangu. Baadhi yao wakaanza kulainika. Mama akasimama akakataa katakata. Binti yake, alisema, atawatengenezea ukurasa. Wateja watachagua mishono na kuandika vipimo wakiwa kwao, na jina litabaki la kikundi. Fundi Vifungo, shoga yake wa tangu ujana, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi, akamjibu, "Haya mwenyekiti, tuone. Shule zikikaribia kufunguliwa na oda hazijaja, tunamfuata tajiri." Wakakubaliana hivyo.

Kitinda aliufanyia kazi ukurasa huo kwa moyo wake wote. Picha za nguo ziligeuka zenyewe, samawati ilikolea kadiri unavyoteremka, na vipimo ulivijaza kwa kuburuta alama juu ya mchoro wa mwili. Akaujaribu kwenye simu yake, ya mwenzake wa ofisini na ya bosi. Kote ulifunguka bila kukwama. Akawatumia mafundi, na wote wakajibu kwa pongezi.

Oda hazikuja. Yaani zilikuja mbili tatu za watu wa ofisini kwake, basi. Wale wazazi wa siku zote, kimya. Mafundi wakaanza kutazamana, na Mama, ambaye alikuwa amelitoa neno lake mbele za watu, akaanza kushona kichwa kimeinama.

Jumamosi moja asubuhi Kitinda alimkuta anaitia cherehani yake mafuta.

"Mama, hivi wateja wanaulalamikia nini? Au rangi ni kali?"

"Rangi haina neno, mwanangu. Weupe wake umetulia. Hauumizi macho."

"Weupe?"

"Ndiyo. Mimi nimeupenda."

"Mama, ukurasa mzima ni wa samawati."

Mkono wenye kopo la mafuta ukasimama hewani. Kitinda akaichukua simu ya mama yake mezani. Ilikuwa simu ya kugusa, tena nzima, lakini ya zamani, na kivinjari chake, yaani ile programu ya kufungulia kurasa, kampuni iliyokitengeneza ilishaacha kukiletea maboresho. Akauandika ukurasa. Mstari mwembamba ukatambaa juu ya kioo, ukafika mwisho, ukapotea. Nyeupe pe.

"Ulikuwa unaona hivi siku zote?"

"Mwanzo nilidhani sijui kufungua," Mama alisema, akijifuta mafuta vidoleni. "Kisha nikawaza, nikisema siuoni, watasema mtoto wa mwenyekiti kashindwa. Na wewe utaumia. Nikaona heri nisifu."

"Na wengine?"

"Wao wanauona. Si wameusifu?"

Kitinda alicheka, kisha akataka kulia. Alishajua kosa lilipo. Kanuni za kuandikia kurasa huongezeka kila mwaka, na vivinjari vipya huzijua. Kivinjari cha zamani kikikutana na amri ngeni, huweza kuiacha hiyo na zote zinazofuata. Yeye alikuwa ameuandika ukurasa wote kwa amri hizo mpya, mpaka maneno na kitufe cha oda, kwa hiyo simu ya Mama haikuwa na chochote cha kuonyesha. Simu za wazazi wengi zilikuwa za rika hilohilo. Alikuwa amekata nguo kwa vipimo vya watu wa ofisini kwake, akawapelekea wateja wa mama yake.

Mwenzake wa ofisini alipoelezwa, alisema kwa wepesi, "Si wanunue simu nyingine?" Kitinda alimtazama mpaka mwenyewe akaona aibu.

Akahamia kwa mafundi na kompyuta yake, pembeni ya meza ya kukatia, vipande vya vitambaa vikimwangukia miguuni na mvuke wa pasi ukimpiga shavuni. Simu ya Mama aliiweka kando yake. Alianza na mwili mtupu wa ukurasa: jina la kikundi, picha za nguo, visanduku vya vipimo, kitufe cha oda, vyote kwa kanuni kongwe ambazo kila kivinjari kinazielewa. Nakshi alizipachika juu yake baadaye, na kila nakshi ilibisha hodi kwanza. Kivinjari kikiijua, kinaikaribisha. Kisipoijua, kinaipita na kuendelea na safari. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko ile ya mwanzo, na Kitinda aliifanya akipiga mluzi. Ukurasa uleule ukae vizuri kwenye simu ya bosi na kwenye simu ya Mama! Alijua hajawahi kufanya kazi nzuri kama hii, na hakuona haya kujivunia.

Alipomaliza alimpa Mama simu. Mama akaifuta kioo, akaisogeza mbali kidogo na macho, akasoma.

"Hii sketi nani kaipiga picha na makunyanzi yake? Na mbona nyonga imetangulia kifua? Mtu anapimwa kuanzia chini?"

"Mama, unauona!"

"Kwani mimi kipofu?"

Siku ya kikao mafundi walikaa kwenye viti vya cherehani zao. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Fundi Vifungo akakohoa. "Mwenyekiti, tulikubaliana neno."

Kitinda alitaka kusimama aseme kosa ni lake. Mama akamshika mkono, akamkalisha, akasimama mwenyewe.

"Jamani, niliwadanganya. Niliusifu ukurasa ambao sikuuona. Simu yangu ilionyesha weupe mtupu, nami nikanyamaza nisimvunjie mtoto heshima. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nisameheni. Sasa na ninyi niambieni, nani mwingine aliona weupe?"

Mama hakukaa. Alibaki amesimama na aibu yake mbele ya watu aliowaongoza, shingo wima, na Kitinda akamwonea fahari.

Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Fundi Vifungo. "Mimi nilidhani bando limekwisha," alisema. "Nikanunua jingine."

"Mimi nilidhani ndio mtindo wa siku hizi," mwingine akadakia, na chumba kikalipuka kwa kicheko. Mikono ikainuka mmoja baada ya mwingine. Kumbe kikundi kizima kilikuwa kinasifu kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekiona, kila mtu akimwonea haya mwenyekiti.

"Kosa lilikuwa langu, mama zangu," Kitinda alisema. "Niliwasahau. Naomba mfungue sasa."

Zikatoka simu mikobani na mifukoni, zenye nyufa, nyingine imefungwa kwa mpira isiachane na betri yake. Zilichukua muda, lakini jina la kikundi likatokea, simu kwa simu. Fundi Vifungo akalisoma kwa sauti, akalirudia, kisha akaanza kuwatumia wazazi anaowajua. Wenzake wakafuata. Kikao hakijavunjika, oda ya kwanza ikaingia, sare za mapacha, kutoka kwa mzazi ambaye kila mtu alijua simu yake ni kuukuu.

"Tajiri atafute mafundi wengine," Fundi Vifungo alisema. Hakuna aliyempinga.

Mama alikuwa bado ameshika simu. Alimwita bintiye asogee, akamwambia mbele ya wote, bila kupunguza sauti.

"Siku ile nilikusifu na sioni kitu. Leo naona kila kitu, hata kasoro zako naziona. Na narudia: ni mzuri, mwanangu. Ni mzuri sana."