Kicheko Kwenye Kanda

Ilikuwa siku ya tatu Kinuyo kumnyima marehemu mumewe wali.

Kwa miezi kumi na moja, kila asubuhi, alimpakulia Shigeru kibakuli cha kwanza cha wali wa moto, akakiweka kwenye madhabahu ya nyumbani mbele ya picha yake, akagonga kengele ndogo, ndipo naye akala. Sasa kibakuli kilikuwa kimegeuzwa kifudifudi.

"Shemeji, umemnunia hadi maiti?" aliuliza Tamotsu, aliyempigia Shigeru ngoma tangu ujana wao wa muziki wa rock hapa Fukuoka. Alikuja kuchukua kanda aipeleke kwa watu wa Tokyo, waliotaka kuitoa kama santuri.

"Keti usikilize."

Kaseti hiyo Kinuyo aliikuta ndani ya kopo la chai, kabatini kwa mama mkwe. Ilikuwa na nyimbo saba. Sita hakuna aliyewahi kuzisikia. Wa saba ulikuwa "Mwavuli Mmoja", wimbo uliompa Shigeru jina. Alikuwa akimwambia kila mtu kwamba alimtungia mkewe, siku walipokutana mvuani. Lakini tarehe ya kaseti, kwa mwandiko wake mwenyewe, ilikuwa ya miaka miwili kabla ya mvua hiyo.

Kinuyo akaitia kaseti kwenye redio, gitaa la wimbo huo likaanza. Msichana akahesabu, "Moja, mbili, tatu," kisha akacheka. Shigeru naye akacheka, kicheko ambacho Kinuyo hakuwahi kukisikia katika miaka thelathini na tisa ya ndoa.

Akaizima. "Nani huyo?"

"Michiyo. Alikuwa anauza tambi karibu na chumba chetu cha mazoezi. Akaja kuolewa Nagasaki."

"Mzuri?"

"Mimi nilikaa nyuma ya ngoma, shemeji. Niliona migongo tu."

"Mgongo wake ulikuwaje?"

Tamotsu akanywa chai.

Shigeru alikuwa amekivunja kile kipande cha plastiki ukingoni mwa kaseti, ili mtu asirekodi juu yake. Kinuyo akaziba tundu lake kwa selotepu, akairudisha kanda hadi kwenye kicheko, akaweka kidole kwenye kitufe chekundu cha kurekodi.

"Sekunde nne tu. Nani atajua?"

"Mimi. Lakini kaseti ni yako. Umewahi kuusikiliza wimbo mpaka mwisho?"

Hakuwahi. Siku zote tatu aliishia kwenye kicheko. Akabonyeza kitufe cha kusikiliza.

Ubeti wa kwanza ulikuwa ule ule. Wa pili pia. Ulipofika wa tatu, ule wa mwavuli na bega lililolowa, Shigeru alivumisha sauti tu, bila maneno. "Hapa bado," alisema Shigeru yule wa ujanani, na kanda ikaisha.

Bega lililolowa siku ile ya mvua lilikuwa la Shigeru. Mwavuli ulikuwa wa Kinuyo.

"Umeona," alisema Tamotsu. "Michiyo kapata beti mbili. Wewe umepata mume."

"Na kicheko kapata nani?"

Kinuyo akabandua selotepu taratibu, akamkabidhi kaseti.

"Waambie waandike jina la huyo Michiyo kwenye jalada. Kwa herufi ndogo."

Akakigeuza kibakuli. Tamotsu akanyoosha mkono kwenye sufuria ya wali ampakulie.

"Acha huo, ni wa moto," alisema Kinuyo. "Leo atakula kiporo."

Akampakulia wali wa jana, akajaza mpaka juu, akagonga kengele.