Sauti Zilizopunguzwa

Homa ya uti wa mgongo ilimpata Zubeida akiwa msichana. Mwili ulipona, masikio yasipone. Tangu hapo alivaa vifaa vya kusikia, na kwa vifaa hivyo alisoma, akafuzu, akawa mwalimu wa chekechea kule mtaa wa Shika Adabu. Ndivyo alivyompata hata mume. Suleiman alikuwa fundi katika kliniki ndogo ya masikio Likoni, na alivishika vifaa vyake kwa upole ambao Zubeida hakuwahi kuuona kwa fundi mwingine.

Mwaka huu sauti zikaanza kumkimbia. Walianza kumpotea watoto wa nyuma darasani, kisha wa mbele. Siku moja mtoto aliomba kwenda msalani, akaomba tena, asisikiwe, mpaka akajikojolea. Wenzake walicheka. Zubeida hakukisikia kicheko, alikiona tu.

Kila alipolalamika, Suleiman alimpeleka kliniki na kukitia kifaa ndani ya kisanduku cha kupimia. Kisanduku kilitoa sauti, kifaa kikaikuza, na kwenye skrini ukajichora mstari wa sauti iliyotoka. Mstari wa pili ulionyesha sauti anayoihitaji yeye. Mistari ikalaliana sawasawa.

"Kifaa ki salama," alimwambia, akimkabili ili amsome midomo. "Masikio ndiyo yanayochoka. Tukubali alichokadiria Mola."

Zubeida akakubali. Akaacha kazi, na Suleiman mwenyewe akamsaidia kubeba vitu vyake kutoka shuleni.

Suleiman alipokwenda Malindi mazikoni, kifaa kimoja kiliingia jasho kikazima. Zubeida akakipeleka kliniki, akampata Lynnette, fundi mgeni pale. Lynnette alikisafisha, kisha akampima masikio upya, kwa kuwa ndiyo desturi yake. Kabla ya kukijaribu kifaa aliirekebisha mashine tangu mwanzo: akaisawazisha maikrofoni, akachagua sauti ya mazungumzo ya kawaida, akaingiza vipimo alivyovipata muda ule. Mstari wa kifaa ukaanguka mbali, chini ya mwenzake. Akadhani amekosea, akarudia. Akajaribu kifaa cha pili, kikawa vilevile.

Ndipo alipoifungua mipangilio iliyohifadhiwa kwa jina la Zubeida. Kiwango anachohitaji kilikuwa kimeshushwa, kikashushwa tena, na vifaa vikashushwa kukifuata, kwa hivyo mistari isingekosa kulaliana. Kila badiliko lilikuwa na jina la Suleiman.

Lynnette alimgeukia ili amsome midomo. "Mwalimu, masikio yako ni yaleyale ya miaka yote. Uliomba upunguziwe sauti?"

Zubeida alitikisa kichwa. Lynnette alipovirudisha vifaa katika kiwango chake, feni ikavuma, tuktuk zikapiga honi barabarani, buibui lake mwenyewe likachakarisha. Zubeida alilia, na Lynnette alijua si kwa furaha.

Suleiman aliporudi, mkewe alimpokea mkoba kama kawaida, asimtajie ya kliniki. Moyoni alikuwa bado akimtafutia udhuru. Baada ya chakula, akiosha vyombo amempa mgongo, alimsikia akizungumza na nduguye kwa simu, palepale nyuma yake, bila hata kuishusha sauti.

"Sasa ametulia nyumbani," alisema Suleiman. "Nilimwambia aache kazi, hakusikia. Basi nikamfanya asisikie kweli." Akacheka.

Zubeida aliiweka sahani chini, akageuka. "Nimekusikia, Suleiman."

Suleiman alianza kumjibu kwa kuupanua mdomo, kama alivyozoea, kisha akatambua kwamba anasikia, akaufunga. Alidai ni mapenzi. Kazi ilikuwa ikimchosha, na yeye alitaka mke anayemkuta nyumbani.

"Ungekuwa uziwi wa Mungu ningeshukuru," alisema Zubeida. "Huu umenipa wewe kwa mkono wako, kisha ukanifuta machozi kwa mkono uo huo."

Usiku ule alilala kwa dada yake Barakat, Mtongwe. Lynnette aliliwasilisha jambo lile kwa mkuu wa kliniki, na Suleiman akaachishwa kazi. Shuleni nafasi ya Zubeida ilikuwa imeshachukuliwa. Akarudi kama msaidizi wa mwalimu aliyemrithi, katika darasa lilelile alilolianzisha yeye.

Suleiman alituma wazee kuomba suluhu. Zubeida aliwapa kahawa, akawaambia yu tayari kuwasikiliza siku Suleiman atakapokaa hapo mbele yao na kueleza, kwa kinywa chake, alichokifanya. Wazee wakaupeleka ujumbe. Hawakurudi.