Nimepokea

Siku Kamishna mstaafu aliposhika kipaza sauti na kuuambia umati uliojaa uwanjani kwamba usiku halali kwa kuwawaza, mkewe, aliyeketi safu ya mbele kabisa, aliinamisha uso akajifanya anatafuta kitu mkobani. Yeye ndiye aliyelala ubavuni mwa mtu huyo. Alijua fika kwamba tangu kampeni zianze mumewe alilala fofofo na kukoroma mpaka vioo vya dirisha vikatetema. Lakini uongo haukumchoma. Kilichomchoma ni ile sauti: laini, ya kubembeleza, sauti ambayo hakuwahi kuisikia nyumbani kwake, na sasa iligawiwa bure kwa watu ambao mumewe hakuwajua hata kwa majina. "Mama zangu," alisema, "wapenzi wangu," na kina mama wakapiga vigelegele. Wivu ulimpanda Mama Kamishna.

Aliolewa na mtu bahili wa maneno. Mumewe alianza kazi katika chumba cha redio, akipokea taarifa za askari wa doria, na ingawa baadaye alipanda vyeo mpaka mabega yakajaa nyota, mambo mawili hayakubadilika: viatu vyake alivipiga dawa mwenyewe kila asubuhi, na ulimi wake haukutoka katika chumba kile. Ukimwambia jambo lolote, alijibu kwa neno la redioni. Mkewe alipomwambia ana mimba ya kwanza, alisema, "Nimepokea." Binti yao alipofaulu mtihani, nimepokea. Mkewe alipompigia simu akilia kwamba mama yake mzazi amefariki, upande wa pili likaja lilelile. Siku hiyo nusura aibamize simu ukutani.

Kwa miaka yote hiyo alijifariji kwamba ndivyo mwenzake alivyoumbwa. Maneno hana, na huwezi kumdai mtu kitu asichokuwa nacho. Kumbe alikuwa nayo. Alikuwa nayo ghala zima, na alikuwa akiwawekea wengine.

Mwanzoni alidhani kuna mwanamke. Alinusa mashati, akamtazama kwa jicho la pembeni yule dada mwembamba aliyeandika hotuba, asiambulie kitu. Baadaye akajiambia kwamba heri angekuwa mwanamke. Mwanamke mmoja angemfuata alipo, wakatazamana, yakaisha. Jimbo zima angelifuata wapi?

Kamishna akapita kwa kura nyingi. Haukupita muda mrefu, akateuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Binti yao, aliyerithi ulimi wa mama, alicheka mpaka akashika mbavu. "Sasa mama, ya ndani humu nani atayasimamia?" Mama Kamishna naye alicheka, lakini utani ule ulimgusa penye kidonda.

Siku ya kwanza mumewe kujibu maswali bungeni, alikwenda kumsikiliza, akaketi juu, kwenye viti vya wageni. Mbunge mmoja wa upinzani, mama mwenye sauti ya mkwaruzo, alisimama akauliza kwa nini wajane wa askari hutolewa vyombo nje ya nyumba za serikali kabla hata machozi hayajawakauka. Waziri alisimama na karatasi ya majibu aliyoandikiwa. Aliitazama. Wengi wa waume hao alikuwa amewazika yeye. Aliikunja karatasi, akabana visigino, akanyoosha mikono ubavuni kama yuko mbele ya mkuu wake, akasema, "Nimepokea." Kisha akaketi.

Ukumbi ukaangua kicheko. Spika alivua miwani akajifuta macho. Hadi jioni neno lile lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na mumewe alikuwa ameshapewa jina la Mheshimiwa Nimepokea.

Mama Kamishna hakucheka. Alikuwa amekumbuka kwamba usiku ule wa msiba wa mama yake, barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, na bado kabla hakujapambazuka mumewe alitokea mlangoni, sare imejaa tope hadi magotini, akaomba koleo na kwenda makaburini. Alikumbuka kwamba siku ya habari ya mimba alihamisha kitanda kutoka kwenye ukuta uliokuwa ukivuja. Alijaribu kukumbuka jambo lolote ambalo mumewe alilipokea kisha likaangukia njiani, akakosa. Na kule majukwaani, katika asali yote ile, hakuwahi kumwambia mtu kwamba amepokea. Neno alilolichukia maisha yake yote ndilo lililokuwa lake peke yake, na leo limetolewa mbele ya taifa zima. Wivu ulimrudia upya, mkali kuliko wa kwanza.

Wajane wale walirudishwa kwenye nyumba zao. Uchaguzi mwingine ulipokaribia, jioni moja Waziri alirudi nyumbani na fulana ya njano, akaitandaza mezani. Kifuani paliandikwa neno lile kwa herufi kubwa. Kamati yake ilitaka kuchapisha maelfu, ikimsubiri yeye tu aseme ndiyo kesho. Alimuuliza mkewe anaionaje.

"Hili si lao," mkewe alisema.

"Lipi?"

"Hili neno. Wape yale mengine yote. Wapenzi wangu, usiku silali, wape. Hili ni langu."

Mumewe alicheka kile kicheko cha jukwaani. "Mama watoto, wananchi wamelipenda wenyewe."

"Nina wivu, baba watoto. Ninao tangu siku ile pale uwanjani. Niliona haya kukwambia."

Mumewe alifungua kinywa. Mkewe aliiona sentensi ya jukwaani ikija na sukari yake yote, akaiona ikifika mdomoni. Kisha kinywa kikafumbwa. Waziri aliikunja fulana mara nne, pembe kwa pembe, kama askari anavyokunja sare, akala chakula chake na kwenda kulala. Hakusema ndiyo wala hapana. Hata lile neno hakulisema, na mkewe alilala akijutia mdomo wake.

Asubuhi alimkuta barazani, ameketi kwenye ngazi, anapiga viatu dawa. Kitambaa alichokuwa akisugulia kilikuwa cha njano, kimechanwa vipande, na herufi zilikuwa zimeshapotelea ndani ya weusi. Hakuinua kichwa. Mama Kamishna alimwambia kwamba chai iko tayari, akabaki amesimama mlangoni, akisubiri jibu.