Mbaazi Bila Nguruwe

Siku Manong Teroy aliponiambia nimezidi kilo, mkononi alikuwa ameshika ubavu wa nguruwe, na mafuta yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nalitaja hili mapema ili usije ukadhani niliambiwa na mtu mwembamba.

Tulikuwa watatu katika kikosi cha laini cha ushirika wa umeme, pwani ya magharibi ya kisiwa cha Panay: yeye msimamizi, Manong maana yake kaka mkubwa; mimi, ambaye wananiita Inday, yaani dada; na Wendell, ambaye ana mwili wa ufito na anakula kuliko sisi wawili. Nilikuwa na miaka kumi na moja ya kupanda nguzo. Nimefunga vikombe vya laini, vile vya kauri vya kushikia waya, mvua ikinipiga usoni, nimetoa nyoka kwenye transfoma, nimeshuka na nyigu kwenye nywele. Hakuna aliyewahi kuniuliza uzito wangu mpaka Januari ile ilipoletwa mikanda mipya ya kupandia.

"Mikanda hii mwisho wake kilo mia, Inday," Manong Teroy alisema huku anatafuna. "Na karatasi ya daktari inasema wewe una mia na tatu. Mimi sitaki kuokota maiti chini ya nguzo."

"Kilo tatu tu hizo, Manong."

"Leo tatu. Sikukuu ya mtaa wenu ikipita je? Mikanda itakaa stoo mpaka mwisho wa Mei, injinia aje kusaini nani apande msimu wa tufani. Ukiwa umezidi, kuna kiti chako dirishani. Kizuri. Kina na mto."

Dirishani ndiko watu wanakokuja kufoka umeme ukikatika. Anayekaa pale anatukanwa kuanzia saa mbili asubuhi kwa makosa ya upepo. Nilihisi nimepigwa kofi. Si kwa ajili ya kilo, maana kilo zangu nilikuwa nazijua. Ni ule mto. Alikuwa ameshanipangia mpaka cha kukalia!

"Mimi sishuki nguzoni," nikamwambia.

"Wee! Basi shusha tumbo," akasema, na Wendell akacheka mpaka wali ukampalia. Nilifurahi ulipompalia.

Nilianza kama kila mtu anavyoanza, kwa kupunguza. Nikajaribu kula vipande viwili vya nguruwe badala ya sita katika kile kibanda cha njia panda tulichokuwa tunakula kila mchana. Lakini mimi na kitimoto hatujawahi kuelewana kuhusu neno "kidogo". Wiki ya pili nikabeba mkebe kutoka nyumbani: bamia za kuchemsha, Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa nilipoufungua nikaziona zile bamia zimelala vilevile, kijani ileile, nikaufunga, nikaenda kibandani nikala sahani mbili. Manong Teroy alinisogezea siki kwa heshima zote.

Usiku ule sikumlaumu nguruwe, nililaumu bamia. Nikagundua kwamba njaa naiweza, lakini kuchoshwa siwezi. Basi nikala viapo viwili: nyama basi, hata mchuzi wake, na mkebe wangu hautabeba chakula kilekile mara mbili ndani ya wiki mbili. Nikabandika karatasi ya kuandikia kila chakula kwenye mlango wa friji, na wali nikaupunguza ukawa wa kikombe kimoja, uliosawazishwa kwa kisu.

Jumatatu nikaja na choroko za majani ya mlonge. Jumanne bilinganya la kuchomwa, nikaliponda na kulikaanga na yai. Jumatano ua la mgomba kwa tui jepesi na pilipili. Manong Teroy alikuwa ananyoosha shingo kila nikifungua kifuniko.

"Leo tunalisha mbuzi nini?"

"Mlenda na machipukizi ya mianzi. Karibu tule, Manong."

"Mlenda! Wendell, shika kamba vizuri, huyu atateleza mwenyewe kutoka kwenye nguzo."

Kwetu huwezi kufungua chakula bila kuwakaribisha wenzio, na mwenye adabu anajibu kwamba ameshiba. Wendell hana adabu. Ndiye aliyeanza. Alichovya kijiko kwenye mlenda wangu kwa utani, akalamba kijiko, akachovya tena.

"Inday, hii umeweka nini?"

"Uyoga."

"Hebu nionjeshe tena, sijaelewa."

Siku niliyoleta mbaazi na fenesi bichi ndiyo ugomvi ulipokuwa mkubwa. Wote mnajua, au mngekuwa wa kwetu mngejua, kwamba mbaazi na fenesi ni vya kupikwa na nguruwe. Ni watu watatu wa nyumba moja. Harusi, msiba, mvua, Jumapili, ni hao watatu.

"Nguruwe yuko wapi?" Manong Teroy aliuliza, anakoroga mkebe wangu kwa kijiko chake.

"Hayupo."

"Hayupo ametoka, au hayupo hajaja?"

"Hajaalikwa."

Akaweka kijiko chini. Hakuwa anatania tena. "Haya ni matusi kwa mama zetu. Mbaazi bila nguruwe ni harusi bila bibi harusi. Na wewe unadhani utapanda nguzo ya mita kumi na mbili kwa nguvu za majani? Utapata kizunguzungu huko juu, halafu nani atalaumiwa? Mimi."

Alasiri ile nilipanda nguzo tatu mfululizo kwa mkanda wangu wa zamani, bila kupumzika katikati. Miguu ilikuwa inatetemeka. Nilihakikisha inatetemekea upande asioweza kuuona.

Mwisho wa Februari nikawa na kilo tisini na nane. Kwa hesabu ya Manong nilikuwa nimeshashinda. Nilienda stoo kuchukua fyuzi, na kwa furaha nikaushika mmoja wa ile mikanda mipya, nikaukumbatia kabisa. Ndipo nikaona kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani, na maandishi madogo: kilo mia, mtu pamoja na vifaa vyake.

Nikauweka mkanda wangu wa zamani juu ya ule mzani wa kupimia nyaya chakavu, na koleo zote, nyundo, makucha ya kupandia, kofia, buti. Kilo tisa. Kumbe natakiwa niwe na tisini na moja.

Nilikaa juu ya gurudumu la waya nikataka kulia. Kilo saba nyingine! Halafu nikamkumbuka Manong Teroy akijipiga kifua kibandani: "Mimi tisini na saba, na yote msuli." Tisini na saba na tisa. Machozi yakarudi yalikotoka.

Ningeweza kumwambia siku ileile. Angesema natafuta kisingizio, na mwanamke wa kilo tisini na nane anayesoma maandishi madogo hakuna anayemsikiliza. Nilitaka kwanza niupande mzani mimi, ndipo nimpandishe na yeye. Nikarudisha mkanda kwenye msumari wake, nikanyamaza.

Machi nzima nikapigana. Boga na kunde za tui, tofu ya kukaanga kwa mchuzi wa chungwa dogo, karela na yai, saladi ya embe bichi na nyanya. Kilo zikashuka mpaka tisini na nne, halafu zikagoma. Wiki moja, mbili, tatu. Nikapunguza wali ukawa nusu kikombe. Hazikutikisika. Nilianza kuwa mkali kwa watu wasio na kosa.

Asubuhi moja nikaamka mapema kuliko kawaida, nikamkuta mama jikoni amefunika sufuria yangu ya choroko kwa mwili wake wote.

"Mama, unaficha nini?"

"Nimekoroga tu."

Nikachukua kijiko. Chini ya choroko, vimekatwa vidogovidogo, vipande vya mafuta ya nguruwe viliogelea kwa raha.

"Mama! Hii ni nyama!"

"Si nyama, ni kionjo."

"Kionjo kina ngozi?"

"Sasa mboga zitanuka nini bila kionjo? Na kwenye boga niliweka uduvi, usianze na uduvi. Uduvi nao ni nyama? Ule una hata damu?"

Nilikasirika. Wiki tatu napunguza wali wangu kwa kisu, yeye anapima mafuta kwa kiganja! Lakini mama akakaa kwenye kigoda, mwiko mkononi, akasema polepole, "Baba yako alipanda nguzo miaka ishirini na tumbo limeshiba. Kila nikikuona umebeba hicho kimkebe chako, naona unaanguka."

"Sianguki, mama. Ila usiponisaidia watanishusha."

"Nani?"

"Teroy. Dirishani. Ameshaweka na mto."

Mama alimjua Teroy tangu anachezea matope. Alinyanyuka, akamwaga choroko zote kwenye sahani ya mbwa, akaosha sufuria kwa majivu. "Haya, mfundishe mama yako," akasema. "Fenesi lisilo na nguruwe linakolea kwa nini?" Nikamwonyesha: kaanga vitunguu mpaka viwe vyeusi pembeni, choma fenesi kwanza, tia uyoga mkavu uliosagwa. Alionja, akakunja uso, akaonja tena. Kuanzia siku hiyo aliilinda karatasi ya friji kuliko mimi. Nikirudia chakula kabla ya wiki mbili kuisha, ananizomea.

Aprili mizani ikatii. Na mkebe ukapata wateja. Wendell alikuja na kijiko chake mfukoni. Manong Teroy alimaliza kwanza sahani yake ya kitimoto, halafu anasogea akitazama pembeni. "Nionjeshe kidogo, nijue unajiua na nini leo." Anaonja vijiko vinne. Nusu ya chakula changu ilikuwa inaishia kwao, na mimi sikulalamika, maana nilikuwa napungua kwa msaada wao, na yeye alikuwa anakula vya kibandani na vyangu juu yake.

Mei ikaisha. Injinia Palmares alifika stoo asubuhi, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno, na karatasi zake kwenye kibao cha mkononi. Manong Teroy alikuwa amechana nywele.

"Tuanze na yeye," akasema. "Inday, panda. Vua buti, tusikuonee."

"Sivui."

"Unasemaje?"

Nikauchukua mkanda mpya msumarini, nikaufunga kiunoni na mapajani. Nikatundika koleo, nyundo, makucha, nikavaa kofia. Wendell aliacha kutafuna. Nikapanda mzani wa nyaya chakavu na vyote hivyo mwilini, na sindano ikaenda, ikarudi, ikatulia. Tisini na tisa na nusu.

"Amepita," Injinia akaandika. "Lakini kwa nini umepanda na mizigo?"

"Soma hapa, Injinia." Nikamgeuzia kitambaa cha ndani.

Alivaa miwani, akasoma kwa sauti: mtu pamoja na vifaa vyake. Akaangalia sindano, akaniangalia mimi, akamgeukia msimamizi wetu. "Teroy, wewe uliwaambia nini hawa?"

"Injinia, ile ni... mimi nilidhani..."

"Zamu yako, Manong," nikasema. "Usivue buti. Tusikuonee."

Miezi mitatu nilikuwa nimeibeba sentensi ile tumboni pamoja na njaa. Alijifunga mkanda taratibu, akavuta tumbo ndani kana kwamba mzani una macho. Sindano ikapita mia bila kugeuka nyuma. Mia na nane. Wendell akapanda baada yake, sabini na mbili na kofia juu, akashuka akipangusa jasho kana kwamba naye alikuwa hatarini.

Injinia aliandika majina mawili. La tatu hakuliandika. "Wewe utakaa chini, Teroy, mpaka upungue. Utashika kamba na kulinda gari."

Nilidhani nitamcheka, nilikuwa nimeandaa na kicheko chenyewe. Nilipomwona anahangaika kufungua ule mkanda, vidole vinashindwa kupata kifungo, nikakiacha. Lakini sikumwonea huruma kiasi cha kutamani angepita.

Wiki ya pili ya Juni upepo wa kwanza ukaangusha laini vilimani. Wendell alipanda nguzo ya bondeni, mimi ya juu, ile yenye kikombe kilichopasuka. Ilikuwa yapata saa saba mchana. Kutoka kule juu niliona bahari, mashamba ya mpunga, gari letu, na Manong Teroy kando ya gari, kamba yangu mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa unafungua mkebe wangu.

"Inday!" akapaza sauti. "Mbaazi na fenesi?"

"Ndiyo!"

"Humu ndani kuna nguruwe?"

"Hamna!"

"Hata kionjo?"

"Hata kionjo!"

Akala kijiko kimoja. Akala cha pili. Nikamwona anakaa vizuri kwenye bampa, kamba inalegea mkononi mwake, anatafuta kijiko cha tatu kwa utulivu kabisa.

"Manong!" nikapiga kelele mpaka mbwa wa bondeni wakabweka. "Weka mkebe chini! Kaza kamba!"

Miaka kumi na moja ni yeye aliyekuwa juu, ananitupia amri kichwani. Aliinua uso, akakunja macho kwa jua, akanitafuta mpaka akaniona. Akaweka mkebe chini na kifuniko chake, akasimama, na kamba ikakaza.